Karatasi ya upimaji imefika nyumbani, baba hataki miwani

SWALI

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi wilayani Magu, mkoani Mwanza. Ninauza dagaa na nyanya sokoni, na mume wangu ni fundi seremala. Kijana wetu ana miaka 11 na yuko darasa la tano. Dada yake ana miaka 13 na yuko darasa la saba katika shule hiyohiyo.

Wiki tatu zilizopita wataalamu wa afya walifika shuleni wakawapima wanafunzi macho, masikio, meno, urefu na uzito. Kijana alipewa karatasi ndogo ya kuleta nyumbani. Mbele ya neno "macho" pameandikwa 6/24 kulia na 6/24 kushoto, na chini yake: "apelekwe kliniki ya macho". Sikuipata siku hiyo. Niliiokota chini ya godoro lake nilipokuwa nikitandika, na nilipomuuliza kwa nini aliificha, alilia. Ndipo nikajua kwamba kesho yake asubuhi, wanafunzi wakiwa mstarini, mwalimu alisoma majina ya wote waliokutwa na matatizo, na kila jina likafuatiwa na tatizo lake. Tangu siku hiyo wenzake wanamwita kipofu.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba kwa mwaka mzima nimekuwa nikimgombeza. Walimu walikuwa wakituambia ni mzembe, hamalizi kunakili kazi ubaoni, na katika hisabati anakosa hata maswali mepesi. Siku moja nilipoangalia daftari lake niliona jibu lilikuwa sahihi kwa swali alilolinakili yeye, ila swali lenyewe halikuwa lile la ubaoni. Sikuelewa. Nilimchapa.

Mume wangu hataki kusikia habari ya miwani. Anasema mtoto akianza kuivaa akiwa mdogo macho yatalegea na hataweza tena kuiacha, na kwamba katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuvaa miwani kabla ya uzee. Mama mkwe ameleta dawa ya majani ya kumtilia machoni, nami nimekuwa nikiahirisha kwa visingizio.

Pamoja na hilo, binti ameleta taarifa kwamba wasichana watachomwa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, na baba yake ameikataa kwa sababu amesikia inaleta ugumba, na tena kwamba ni kumpa mtoto ruhusa ya mambo ya wakubwa. Halafu zinakuja dawa za kichocho, ambazo mwaka jana zilimtapisha kijana, na mume wangu ameamua kwamba siku ya dawa watoto wote wawili watabaki nyumbani.

Naomba unishauri. Je, nina haki ya kumpeleka mtoto hospitali baba yake akiwa amekataa? Nianzie wapi bila kuvunja amani ya nyumba?

Mama wa wawili, Magu

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla ya jambo jingine lolote nataka nikuondolee mzigo wa ile fimbo. Mtoto asiyeona mbali hajui kwamba haoni mbali. Hajawahi kuazima macho ya mwenzake akalinganisha. Yeye anadhani ubao uko hivyo kwa kila mtu na kwamba wengine wana akili zaidi yake. Ndiyo maana hakukulalamikia, na ndiyo maana hukujua. Mwambie hivyo kwa maneno yako mwenyewe, umwombe radhi, na umwambie pia kwamba lile jibu sahihi kwa swali lililonakiliwa vibaya lilikuwa ushahidi kwamba hesabu anazijua. Atalikumbuka neno hilo kwa muda mrefu kuliko fimbo.

Sasa tuisome karatasi. Namba ya kwanza, 6, ni umbali wa mita aliosimama mtoto mbele ya bango la herufi. Namba ya pili ni umbali ambao mtu mwenye macho mazuri angeweza kusimama na bado akaisoma herufi ileile. Kwa hiyo 6/24 maana yake ni kwamba kijana wako hulazimika kusogea hadi mita 6 ili aone kile ambacho mwenzake anakiona akiwa mita 24. Huo si upofu, na yeyote anayemwita kipofu anakosea. Hata hivyo ni upungufu mkubwa kwa mtoto anayetegemea maandishi ya chaki kwenye ubao wa mbali. Jambo la pili la kuelewa ni kwamba upimaji wa shuleni haumwambii mtu ugonjwa wake. Kazi yake ni kuchuja, kama unavyopepeta mchele: unatenga wale wanaohitaji kuangaliwa kwa makini na kuwapeleka kwa mwenye vifaa. Karatasi uliyonayo ni swali, na jibu lake liko kliniki.

Kuhusu mume wako, simwoni kuwa mtu mbaya. Anamwogopea mwanawe kitu ambacho ameaminishwa tangu utotoni. Hakuna maneno yangu yatakayomshawishi kuliko kile atakachokiona mwenyewe, na kwa bahati nzuri yeye ni seremala, mtu anayeamini vipimo. Mwombe achukue futi yake apime mita 6 kamili uani, mchana, penye mwanga mzuri. Kisha achore kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe herufi E mbili: moja iwe na urefu na upana wa milimita 35, na kila mstari wake uwe na unene wa milimita 7, nyingine iwe nusu ya hiyo, yaani milimita 17 na nusu, na mistari ya milimita 3 na nusu. Kijana asimame mwanzo wa zile mita 6, afunike jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, na baba aigeuzegeuze ile herufi ndogo juu, chini, kulia na kushoto, huku mtoto akionyesha kwa mkono vidole vya E vinaelekea wapi. Dada yake afanye hivyohivyo baada yake, na baba mwenyewe pia. Mwenye macho mazuri huiona hata E ya milimita 9. Baba akimwona mwanawe akibahatisha pale ambapo wengine wote hawasiti, mazungumzo yenu yatakuwa mengine.

Kisha mfanye jambo la pili. Chukueni kipande cha boksi gumu, mkitoboe tundu moja dogo kwa pini, na kijana aitazame tena ile herufi ndogo kupitia tundu hilo. Ikiwa ataiona vizuri zaidi kuliko mwanzo, kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo lake ni namna mwanga unavyokusanywa ndani ya jicho, nalo hurekebishwa kwa lenzi. Ikiwa tundu halimsaidii chochote, basi safari ya kliniki ni ya haraka zaidi, kwa kuwa huenda kuna jambo jingine kwenye jicho lenyewe. Majaribio haya mawili hayachukui nafasi ya daktari. Nimekupa kwa ajili ya baba.

Akiuliza kama miwani italegeza macho, jibu ni hapana. Kinachowachanganya wengi ni kwamba mtoto anayeanza kutoona mbali akiwa na miaka 10 au 11 mara nyingi tatizo lake huongezeka kadiri anavyokua, kwa sababu jicho lenyewe linarefuka pamoja na mwili, na kwa hiyo lenzi zake hubadilishwa kila baada ya muda. Watu huona lenzi zikiongezwa nguvu wakadhani miwani ndiyo iliyosababisha. Nchini Malaysia watafiti walijaribu kuwapa baadhi ya watoto miwani yenye nguvu pungufu kwa makusudi, ili waone kama macho yatatulia. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2002, macho ya watoto hao ndiyo yaliyoharibika kwa kasi zaidi kuliko ya wale waliopewa nguvu kamili. Na kuhusu kushindwa kuiacha, ni kweli kwamba hatataka kuivua, kama vile mimi nisivyotaka kuzima taa ninaposoma usiku.

Nitakueleza pia kwa nini ninakusisitizia usiishie kwenye kupata cheti cha miwani. Kuna utafiti uliofanywa katika shule za sekondari za Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2008, ambao ulilinganisha makundi mawili ya wanafunzi waliokutwa na uoni hafifu: wengine walipewa miwani bure, wengine wakapewa cheti tu cha kwenda kununua. Baada ya miezi 3, katika kila wanafunzi 100 waliopewa miwani, 47 walikuwa wakiivaa au wako nayo shuleni. Kwa waliopewa cheti pekee walikuwa 26. Ziangalie namba hizo kwa utulivu. Hata pale miwani ilipotolewa bila malipo, zaidi ya nusu hawakuwa nayo, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kuchekwa na wenzao na wazazi kuogopa kwamba miwani ina madhara. Mambo hayo mawili yote yamo katika barua yako. Kwa miaka mingi niliyofanya kazi ya uuguzi, nikifuatana na timu za upimaji mashuleni, niliziona karatasi kama yako zikiishia ndani ya mabegi na chini ya magodoro, na kila mwaka tukarudi kumpima mtoto yuleyule na kumwandikia karatasi ileile. Sitaki wako awe mmoja wao.

Dawa ya majani isiingie machoni mwa mtoto. Mweleze mama mkwe kwa heshima kwamba unapokea nia yake njema, lakini kioo cha jicho kikipata kidonda au uchafu huacha kovu jeupe ambalo hakuna miwani inayoliondoa, na kwamba mtoto ameshaandikiwa kwenda kwa wataalamu. Nakuonya vilevile kuhusu matone ya kununua dukani bila cheti, hasa ikiwa kijana huwa anawashwa na kuyafikicha macho. Baadhi ya matone hayo yana steroidi, aina ya dawa kali ya kupunguza uvimbe. Huondoa mwasho kwa siku mbili na kumfurahisha kila mtu, kumbe yakitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Umeniuliza kuhusu haki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inampa kila mzazi wajibu wa kumpatia mtoto matibabu, na chanjo zimetajwa humo kwa jina. Wajibu huo ni wako na ni wake. Sikushauri uanze kwa kumpeleka kwa siri, kwa kuwa miwani haifichiki, na mtoto atakayeambiwa aivue kila baba akiingia nyumbani hatanufaika nayo. Anza na ile futi uani. Ikishindikana, mshirikishe mtu anayemsikiliza, awe kaka yake mkubwa au kiongozi wenu wa dini, na umweke wazi mume wako kwamba tarehe fulani unampeleka mtoto, kwa heshima na bila kumficha. Mtoto amekwisha kupoteza mwaka mzima wa masomo.

Sasa shule. Kusoma majina na matatizo ya watoto mstarini lilikuwa kosa, hata kama mwalimu alikusudia kuwahimiza wazazi. Taarifa za afya ya mtu ni siri yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya na za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Usiende shuleni ukiwa na hasira. Nenda kwa mwalimu mkuu, pamoja na mwalimu wa afya ikiwa yupo, ueleze kilichompata mwanao tangu siku ile, na uombe mambo matatu: kwamba matokeo ya upimaji yapelekwe kwa wazazi kwa bahasha au katika kikao cha mzazi mmojammoja, kwamba mwalimu wa darasa akomeshe neno "kipofu" darasani kwa uzito uleule ambao angekomesha matusi, na kwamba kuanzia kesho kijana akae dawati la mbele, na mwalimu asome kwa sauti anachokiandika ubaoni. Hili la mwisho halihitaji fedha wala daktari, na litamsaidia hata kabla miwani haijapatikana. Ikiwa hutasikilizwa, kamati ya shule ipo kwa kazi hiyo, na nina hakika hutakuwa mzazi pekee mwenye malalamiko hayo.

Nije kwa binti. Chanjo anayotakiwa kupata inazuia maambukizi ya kirusi kiitwacho HPV, ambacho ndicho husababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, na hiyo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Hapa nchini ilianza kutolewa kitaifa mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, kwa dozi mbili. Mwaka 2024 ikapanuliwa kwa wenye miaka 9 hadi 14, kwa dozi moja. Baadhi ya watu husikia "dozi moja" wakadhani chanjo zimepungua, na sisi tunapewa kidogo. Ningependa baba yake ajue kwamba sehemu ya ushahidi ulioonyesha kuwa dozi moja inaujengea mwili kinga ya kudumu ilitoka mkoani kwenu: wasichana 930 wa Mwanza wenye umri wa miaka 9 hadi 14 walishiriki utafiti ulioanza mwaka 2017, wakafuatiliwa kwa miaka. Walikuwa mabinti wa majirani zenu.

Chanjo hii haina kitu kinachogusa mayai ya uzazi wala kizazi. Kinachoweza kumwondolea mwanamke uzazi ni saratani yenyewe, kwa sababu mara nyingi tiba yake ni kuondoa kizazi au kukipiga mionzi. Huko Sweden waliwafuatilia wasichana na wanawake zaidi ya milioni 1.6, na katika matokeo ya mwaka 2020 waliochanjwa kabla ya kufikisha miaka 17 walikuwa na saratani hiyo kwa asilimia 88 pungufu kuliko wasiochanjwa. Ama hofu ya kumpa ruhusa, naielewa, maana kila mzazi mwenye binti wa miaka 13 anaibeba. Chanjo hutolewa mapema kwa sababu inakinga kabla kirusi hakijaingia na haitibu kilichokwisha kuingia. Binti atakayejitunza hadi ndoa naye ataolewa na mtu ambaye hajui amebeba nini, kwa kuwa kirusi hiki hakionekani usoni. Malezi yenu yaendelee kama yalivyo. Chanjo haichukui nafasi yake.

Siku ya chanjo binti ale asubuhi, na baada ya sindano akae chini kwa dakika 15, kwani wasichana wa umri huo huweza kuzimia kwa woga wa sindano yoyote. Mkono utauma siku moja au mbili. Na wewe mwenyewe, ikiwa umefikisha miaka 30, uliza katika kituo chenu cha afya kuhusu kupimwa mlango wa kizazi kwa siki. Ni kipimo cha dakika chache, na matokeo unayapata hapohapo.

Kuhusu dawa za kichocho sitasema mengi. Ninyi mnaishi kando ya Ziwa Victoria, watoto wanaoga na kuchota maji humo, na kichocho cha tumbo kisichotibiwa huharibu ini taratibu kwa miaka. Kijana kutapika mwaka jana si dalili ya sumu. Dawa ile huleta kichefuchefu na kizunguzungu, zaidi kwa mtoto aliyemeza tumbo likiwa tupu na kwa mwenye minyoo mingi ya kichocho mwilini. Mwaka 2008 mkoani Morogoro taharuki ilizuka kwa sababu kama hiyo, wazazi wakavamia shule, na ugawaji wa dawa ukasitishwa huko, wakati watoto waliendelea kuoga katika maji yaleyale. Wape uji mzito na kiporo kabla hawajatoka nyumbani, na mwambie mwalimu kwamba kijana alitapika safari iliyopita ili wamwangalie kwa karibu. Ikiwa siku hiyo ana homa au anaumwa, hapo kweli asimeze, asubiri apone.

Kwa safari ya macho, ulizia siku za kliniki katika hospitali ya wilaya. Ikiwa hawana mtaalamu wa kumpima mtoto, watakupa rufaa ya kwenda Mwanza mjini, hospitali ya Sekou Toure au ya Bugando. Chukua ile karatasi ya shule pamoja na lile daftari la hisabati, umwonyeshe daktari namna anavyonakili. Huenda kijana akatiwa matone ya kupanua mboni ili kipimo kiwe sahihi, kwa kuwa macho ya watoto hujikaza na kudanganya kipimo; baada ya matone hayo ataona ukungu kwa karibu na mwanga utamuumiza kwa saa kadhaa, hivyo siku hiyo asirudi shuleni. Mwachie achague fremu mwenyewe kati ya zile mtakazozimudu, kwa maana ile anayoipenda ndiyo atakayoivaa mbele ya wenzake. Uliza siku ya kurudi kupimwa tena, ambayo kwa umri wake kwa kawaida ni baada ya mwaka mmoja. Na baba akikubali kuja nanyi, afadhali zaidi; atakapomwona mwanawe akisoma mstari wa chini wa lile bango kwa mara ya kwanza, awepo. Msisahau kofia kwa ajili ya jua la kurudi nyumbani.